Nilivyopanga dawa zinazong'ata kwa laptop ya mtumba, Uyole

Kwanza niseme tu mimi sina maabara. Nina laptop ya mtumba ya kori nne, betri ilishakufa siku nyingi, na chumba cha kupanga huku Uyole, Mbeya, ambako mwezi wa 7 asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni, na hiyo baridi ndo iliniokoa mana mashine ilikua inakesha siku tatu mfululizo na wala haichemki. Msimamizi wangu alinipa molekuli 12, zote zina akrilamaidi au ndugu zake (ndo sehemu inayong'ata protini), akasema nimpangie kwa hesabu za kompyuta ipi itashika haraka na ipi itachelewa kabla hatujaagiza kemikali, kwasababu zikiagizwa zinakaa njiani miezi na bei yake ni ya kukutoa machozi.

Kama hujawahi kusikia dawa za kovalenti, fikiria kishona nguo. Ukikatiza kwenye shamba la viazi lililochelewa kupaliliwa unatoka suruali imejaa. Dawa nyingi zinaingia kwenye protini zinatoka, zinaingia zinatoka, ila hizi zikifika zinafunga bondi kabisa na atomu ya protini, mara nyingi salfa ya sisteini, moja ya asidi amino zinazojenga protini. Na sio mambo mapya kivile, hata aspirini inabandika asetili kwenye serini (asidi amino nyingine) ya kimeng'enya chake, na amoksisilini ambayo kila duka la dawa pale Mwanjelwa linayo inaua bakteria kwa kufunga bondi na serini pia. Kwa sisteini kuna ibrutinib, dawa ya saratani ya damu iliyoruhusiwa Marekani 2013, inashika sisteini namba 481 ya protini inaitwa BTK. Sa shida ya kishona nguo hakichagui suruali. Ile ndoano ikiwa kali mno itashika kila mwenye salfa njiani, kuanzia glutathioni ambayo imejaa kwenye seli, na ikiwa butu dawa inafika inakaa tu mlangoni.

Nlianza kivivu. Nikasoma kwamba unaweza kuangalia LUMO, yani obitali ya chini kabisa isiyo na elektroni, ikiwa chini molekuli inapokea elektroni kirahisi kwahiyo inang'ata. Dakika chache kila molekuli, jioni moja nimemaliza zote 12, nikapeleka karatasi nimevimba kichwa kabisa. Msimamizi akaangalia akaniuliza, "Kijana, hii namba moja yako ina nitro kwenye pete, hiyo LUMO umeiangalia imekaa wapi?" Nikarudi nikaichora. Kumbe imekaa kwenye nitro na pete, kule kwenye ndoano haipo kabisa! Yani nlikua napima ukali wa kisu kwa kuangalia mpini.

Ikabidi nifanye kazi yenyewe sasa. Badala ya sisteini nzima unaweka methanithioli iliyopoteza protoni, kale kasalfa kenye kaboni moja tu na chaji hasi, maji unayaweka kama mazingira tu sio molekuli moja moja. Unatafuta kwanza mikao yote ya molekuli kwa xtb, programu ambayo ni ya bure na ina haraka, afu unasogeza salfa kuelekea kaboni ya mwisho ya ile bondi mbili, kutoka anstromu 3.2 (anstromu ni kipimo cha urefu wa kiatomu) kushuka 0.1 kila hatua, unaangalia nishati inapanda wapi na kushuka wapi. Pale juu ya kilima ndo hali ya mpito, na ukiihesabia mitetemo lazima upate frikwensi hasi moja tu, zikiwa mbili hiyo sio yenyewe, na isipokuwepo uko bondeni sio kileleni.

Hapa nikapoteza wiki mbili. Nlikua natumia B3LYP, njia ya kuhesabu nishati ya elektroni, mana kila mtu anaitumia, na kila nikifika upande wa pili salfa inachomoka inaenda zake. Nikadhani nimekosea chaji, nikadhani faili limeharibika, hata RAM niliisingizia. Kumbe B3LYP ina tabia ya kutawanya elektroni kupita kiasi, na kwa salfa yenye chaji hasi ikijiunga na bondi mbili ya aina hii inashindwa kukishikilia kile kiunganishi cha kati, yani salfa na molekuli zikiwa zimeshikana. Nikahamia njia nyingine, wB97X-D3, salfa ikatulia siku hiyohiyo. Ingekua mtu kaniambia mapema ningemnunulia chipsi kavu.

Umeme nao. Ukikatika usiku kazi ya saa 20 inapotea, mpaka nikajifunza kwamba ORCA, programu inayofanya hizo hesabu, inaacha faili la gbw na la xyz ya hatua ya mwisho, unaanzia hapohapo huanzi upya. Mama mwenye nyumba akanigongea siku moja, luku tunachangia wote. "Mwanangu, hiyo kompyuta hailali?" Nikamwambia shikamoo mama, inatafuta dawa. "Marahaba. Itafute na hela ya umeme." Nikaongeza elfu tano kila mwezi yakaisha.

Cha kuogopa kwenye hizi hesabu, ukikosea urefu wa kilima kwa 1.4 kcal/mol (kipimo cha nishati) tu kasi unakua umeikosea mara 10, na makosa ya namna hiyo ni ya kawaida kabisa, kwahiyo mimi sikumpa mtu namba ya nusu uhai, yani muda wa nusu ya molekuli kuisha, nilitoa mpangilio tu. Nikaulinganisha na vipimo vya glutathioni vilivyochapishwa vya molekuli zinazofanana na zetu. Zenye methili kwenye bondi mbili zilirudi nyuma kama inavyotakiwa. Moja ikagoma, yenye mkia wa dimethilamino kama wa afatinib, dawa ya saratani, mimi nimeiweka karibu na mwisho wakati kwenye vipimo vya watu iko juu. Nikakaa nayo siku nne. Nlikua nimeiandika bila protoni, wakati kwenye pH 7.4 amini kama hiyo nyingi zinakua zimebeba protoni, na chaji chanya pale karibu inaivuta salfa. Nikaongeza H moja, ikapanda mpaka ya tatu.

Tumeagiza nne, na hiyo ya mkia ikiwemo. Ile ya nitro tumeiacha. Mpaka leo naandika mzigo bado uko njiani.