Nilivyoirudisha Athas mezani

Wengi wanaocheza Dungeons & Dragons siku hizi, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu huku mtu mmoja akiongoza hadithi, walianza na toleo la 5 la kanuni zake, na ukiwatajia Athas wanakutolea macho tu. Ni dunia ya Dark Sun, mojawapo ya dunia za mchezo huo, iliyotolewa na kampuni ya TSR mwaka 1991. Waliobuni ni Timothy B. Brown na Troy Denning, na mchoraji Brom, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeipa roho. Ni jangwa kila upande. Uchawi wa huko unanyonya uhai wa mimea, na wachawi wamenyonya mpaka dunia imekauka. Chuma ni adimu, kwa hiyo watu wanapigana kwa mifupa na mawe, na pesa ni vipande vya udongo wa kuchoma. Miji inatawaliwa na wafalme wachawi wanaojifanya miungu, na miungu wa kweli hawapo.

TSR ilipoangukia mikononi mwa kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1997, Dark Sun ilikuwa imeshaachwa. Ilifufuliwa mwaka 2010 kwa toleo la 4, kisha ikazimika tena. Toleo la 5 likapamba moto, nami nikawa naangalia dunia nyingine za zamani zikirudi madukani: Ravenloft 2021, Spelljammer na Dragonlance 2022, Planescape 2023. Athas ikarukwa. Nikaona nikiendelea kungoja nitazeeka, bora niirudishe mwenyewe kwenye meza yangu hapa Milwaukee, Marekani, ambapo mimi ndiye ninayeongoza hadithi.

Vitabu havikunisumbua. PDF za zamani zinauzwa mtandaoni kihalali kabisa, ukitaka. Kazi ilikuwa kuamua ni Athas ipi. Troy Denning aliandika riwaya tano kati ya 1991 na 1993, na ndani yake mashujaa wa riwaya wanaangusha wafalme, wanaua Dragoni, wanafumbua siri zote kubwa. Boksi jipya la mwaka 1995, yaani seti ya vitabu na ramani za mchezo, likayachukua hayo yote kama historia rasmi. Maana yake ni kwamba mchezaji wako anaingia kwenye dunia ambayo kazi nzito zimeshafanywa na watu wengine, yeye amebakiziwa kufagia. Mashabiki wamebishana juu ya hili kwa miaka, na wapo wanaolipenda boksi la 1995 kwa ramani yake pana. Mimi nililiweka kando. Nikasimamisha saa kwenye boksi la kwanza, la 1991: mfalme mchawi Kalak bado anatawala mji wa Tyr, ziggurati yake, ule mnara mkubwa wa ngazi, haijaisha, na hakuna ajuaye anaijenga kwa ajili ya nini. Wachezaji niliwapa kurasa chache tu za kile kitabu kilichoandikwa kwa sauti ya msafiri wa humohumo Athas. Yaliyobaki watayajua wakitembea.

Halafu maji. Kanuni za toleo la 5 la mwaka 2014 zinasema mtu anahitaji galoni moja kwa siku, karibu lita 4, na kukiwa na joto kali ni mara mbili. Kwenye meza nyingi hakuna anayelikumbuka hilo, kwa sababu toleo lenyewe limejaa njia za mkato. Kuna uchawi wa leveli ya kwanza kabisa unaoumba galoni 10 kwa mkupuo. Kuna mwingine unaotoa matunda hadi 10, na tunda moja linamtosha mtu siku nzima. Ile asili ya Outlander, yaani mtu aliyekulia porini, inamwezesha mhusika kuwatafutia chakula na maji watu sita kila siku, ilimradi ardhi yenyewe inavyo. Hiyo ya mwisho sikuigusa. Ardhi ya Athas haina.

Kupiga marufuku kila kitu kunawaudhi wachezaji, na wana haki. Athas ina makuhani wa ardhi, hewa, moto na maji badala ya miungu, kwa hiyo uchawi wa kuumba maji nilimwachia kuhani wa maji peke yake, tena atoe galoni moja. Yale matunda nikayaondoa. Kisha nikanunua shanga za kioo za bluu. Kila mchezaji ana kikombe chake, shanga moja ni galoni moja, na kila jioni ya kwenye mchezo inapofika, kila mmoja anadondosha za kwake kwenye bakuli la bati katikati ya meza. Asiye na shanga anapanda ngazi moja ya uchovu, na ngazi ya sita ni kifo. Yule anayecheza jitu-nusu anadondosha zaidi ya wenzake, na wenzake wanamwangalia. Sikutegemea bakuli la bati lingefanya kazi kubwa hivi. Watu waliokuwa wakiniuliza msafara umebeba dhahabu kiasi gani, sasa swali la kwanza ni viriba.

Silaha zilikuwa rahisi, nilichukua kanuni kutoka kitabu cha 2010 jinsi ilivyo. Ukirusha dadu ya pande 20 ikaja 1, una hiari: kubali umekosa na silaha yako ibaki salama, au rusha tena, ila hiyo ya mfupa itavunjika hata ukipata. Kila mtu sasa anabeba rungu la akiba.

Uchawi niliupikia kanuni inayofanana na hiyo. Mchawi akirusha dadu vibaya anaweza kurudia, ila mimea yote iliyo karibu inageuka majivu na ardhi hiyo haioti tena. Binamu yangu, aliyekuja hapa kusoma, anacheza mchawi wa wale wahifadhi, wanaoapa kutoichokoza ardhi. Usiku mmoja kwenye mchezo walikuwa wamelala kwenye kichaka chenye kisima, wakaanza kusikia kengele. Ni belgoi, viumbe wanaomvuta mtu kwa mlio wa kengele mpaka atoke kambini kwa miguu yake mwenyewe, wamle. Jitu-nusu akainuka, akaenda. Binamu akarusha uchawi wake, dadu ikaja 4. Akaiangalia ile dadu, akaangalia ramani nilipochora vijiti vya kijani kuzunguka kisima.

“Kaka, vichaka vyote?”

“Vyote.”

“Na kisima?”

Nikamwambia kisima hakikauki usiku huo, ila kivuli na mizizi vikishaondoka, mchanga utakifukia. Akairusha tena. Ikaja 17. Jitu-nusu aliokoka, na asubuhi walijaza viriba kwenye kisima walichokuwa wamekiua. Walibishana hadi tukafunga mchezo, na aliyeokolewa ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi ni utumwa. Kwenye vitabu vya 1991 upo kila mahali, kuanzia machimboni hadi uwanja wa mapigano, na kuna hadi jamii ya wahusika, mul, ambao huzalishwa kwa ajili ya kutumikishwa. Mimi nimekulia Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara ya karne ya 19. Minyororo kwangu si pambo la hadithi, na mezani nina mchezaji mwingine kutoka Bukavu ambaye naye ana yake ya kukumbuka kuhusu watu kubebeshwa mizigo kwa mtutu. Kabla hatujaunda mhusika hata mmoja nikawaweka wote chini, wakiwemo Wamarekani wawili, tukakubaliana. Hakuna mandhari ya soko la watu. Hakuna anayecheza bwana. Wahusika wote ni watoro. Wapo mashabiki wanaosema utumwa ufutwe kabisa ndipo Athas irudi, na siwalaumu, lakini ukiufuta hao wafalme wachawi wanabaki wazee wakali wenye majumba makubwa. Mimi nimeuacha kama adui. Yule wa Bukavu aliniuliza swali moja tu, kuhusu matempla, wale maofisa wa wafalme wachawi: “Hao matempla wa mfalme, tunaruhusiwa kuwaua kuanzia lini?” Nikamjibu kuanzia leo.

Vingine nilivyobeba kutoka zamani: wahusika wanaanzia leveli ya 3, kwa sababu jangwa halina huruma na mwanafunzi. Kanuni ya zamani ilimtaka kila mchezaji aandae wahusika wanne, mmoja wa kuchezwa na watatu wa akiba. Niliwapunguzia hadi wawili. Akiba zimeshaanza kutumika.

Sasa wamefika Tyr, wamejificha kwenye mitaa ya nyuma, wanaitazama ziggurati ikipanda. Binamu hakuvumilia. Amekwenda kutafuta riwaya ya kwanza ya mwaka 1991, akaniandikia usiku kwamba ameshajua Kalak anakufaje. Nimemwambia aendelee kusoma. Wiki ijayo atamkuta Kalak ana ulinzi ambao Denning hakuuandika.