Landrova 109: ekseli ya nyuma inatoka, Salisbury inaingia

Januari

Nimeshaamua. Ekseli ya nyuma ya 109 inatoka yote, na mahali pake inaingia Salisbury ya mtumba, ekseli nene na imara zaidi. Gari ni Series IIA ya chesisi ndefu, injini ya petroli ya lita 2.25, na kazi zake zinajulikana: machungwa ya Muheza msimu ukifika, na safari za kupanda Amani kwa wakwe. Bodi ni aluminiamu, hivyo upepo wa bahari hapa Tanga hauitii kutu kama ya chuma. Chesisi ndiyo inayoliwa na kutu, lakini hiyo niliimaliza mwaka jana na sitaki kuizungumzia tena.

Kwa asiyezijua gari hizi, ugonjwa wa IIA ndefu ni shafti za nyuma. Ndani ya ile ekseli ya Rover, kila gurudumu linasukumwa na shafti yenye meno 10 tu upande wa difu, yale magia ya katikati ya ekseli yanayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Gari ikiwa imepakia, ukaachia klachi kwa pupa mlimani, unasikia "ta!", halafu injini inanguruma na gari halisogei. Madereva wa zamani wa mashamba ya mkonge watakwambia walikuwa hawatoki bila shafti ya akiba nyuma ya siti. Kuibadilisha wala si kazi kubwa: bolti sita za flenji kwenye habu, unaivuta shafti nje hata tairi hujaitoa. Kasheshe ni kile kipande kilichobaki ndani. Hata ukikwama porini, unatoa vipande, unatia four-wheel, unarudi nyumbani ukivutwa na magurudumu ya mbele.

Kwa hiyo si kukwama kulikonichosha. Ni hendibreki. Hendibreki ya Landrova hizi haishiki magurudumu. Ni dramu moja tu nyuma ya gia boksi, nayo inashika propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Shafti ya nyuma ikikatika, propela unaweza kuishika utakavyo, difu inazunguka upande uliokatika na gari linateremka zake. Barabara ya Muheza kwenda Amani, kule juu kwenye kona ambako upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu na wa pili ni msitu unaoshuka, si mahali pa kufundishwa somo hilo. Mke wangu ndiye aliyeruka akatia jiwe nyuma ya tairi. Mimi nilikuwa bado nimelikanyaga pedali la breki, siwezi hata kushuka.

Salisbury ndiyo waliyoipa Series III ndefu, na ina undugu wa karibu na ekseli ya Dana 60 ya Marekani. Shafti zake zina meno 24, na ukizishika mkononi pamoja na zile za Rover huhitaji maelezo mengine.

Februari

Kutafuta ndiko kulikokula muda. Muuza vyuma chakavu mmoja wa hapa mjini alikuwa nayo Salisbury, imelala kwenye mchanga, mdomo wa difu umejaa majani makavu. "Hizi zote ni zilezile, kaka. Landrova ni Landrova." Nikaitazama: masikio ya springi za koili yapo, na juu kuna kile kikalio cha mkono wa pembetatu. Hiyo ni ya One Ten, Landrova iliyokuja baada ya Series. Kuondoa masikio na kuchomelea vikalio vya springi za bapa kunawezekana, watu wamefanya. Tatizo liko ndani, kwenye uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi gurudumu likizunguka mara moja. Difu za One Ten ni 3.54, zangu ni 4.7. Nyuma ukiweka 3.54 na mbele ukaacha 4.7, siku utakayotia four-wheel kwenye ardhi ngumu magurudumu ya mbele na ya nyuma yatataka kwenda mwendo tofauti, na kitakachovunjika ni chochote kilicho katikati.

Na asikudanganye mtu kwamba vikalio vya springi za bapa vinatosha kuwa ushahidi. Zipo 109 za V8, zile walizoziita Stage One, zilizokuwa na springi za bapa na difu za 3.54 vilevile. Macho hayatoshi, lazima uzungushe.

Ya kwangu niliipata kwenye shamba moja la mkonge njia ya Muheza. Series III ndefu, haina injini, haina milango, kuku wanataga kwenye siti ya abiria. Mzee anayelinda pale nilimwamkia, tukazungumza mambo ya mvua kwanza, ndipo nikaomba kuingia chini ya gari.

Kipimo chenyewe ni hiki. Nyuma tulipandisha upande mmoja kwa jeki, upande wa pili tairi limekaa chini halizunguki. Nikachora mstari wa chaki kwenye flenji ya difu na mwingine kwenye kasha lake. Spana boi akazungusha gurudumu la juu taratibu, mizunguko miwili kamili, mimi nimelala chini nahesabu. Kwa nini miwili? Kwa sababu upande mmoja ukiwa umesimama, difu inagawa: gurudumu lizunguke mara mbili ndipo kraunwili, gia kubwa ya ndani ya difu, izunguke mara moja. Mstari ukapita mara moja, mbili, tatu, nne, ukaendelea, ukavuka nusu, ukasimama karibu na robo tatu. Nne na pointi saba. Ingekuwa 3.54 ungesimama ukiwa umepita tatu na nusu hivi. Nikamwambia arudie, mzee wa watu naye akainama kuangalia.

Kisha nikafungua kifuniko cha nyuma, bolti kumi. Oili iliyotoka ni nyeusi, nzito, lakini haina maji na haing'ai kwa unga wa chuma. Nikaifuta kraunwili kwa kitambaa, nikapitisha ukucha kwenye kila jino. Hakuna lililomeguka, hakuna vishimo. Pinioni, gia ndogo inayoisukuma kraunwili, haichezi ukiisukuma juu na chini. Nilipofika hapo nikarudisha kifuniko, na humo ndani sikugusa kitu. Difu ya Rover unaitoa kwa mbele na kasha lake, unaenda nayo mezani. Salisbury beringi zake zimebanwa ndani ya kasha la ekseli yenyewe, kwa shimu (vibati vyembamba) zilizopimwa, na kuitoa kunahitaji chombo cha kulitanua kasha. Ikiwa nzima, iache. Kuna mafundi wanaofungua kila kitu ili mteja aone wamefanya kazi, na mimi siwataki karibu na hii.

Bei tulielewana. Sitaitaja, kwa sababu mwenye nyumba husoma ninayoandika.

Machi

Kwenye karatasi ekseli hii inaingia palepale ilipotoka ile ya zamani, na vikalio vya springi vinalingana. Kazi ni katika vitu vidogo.

Yubolti kwanza, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi. Bomba la Salisbury ni nene zaidi, za zamani haziingii. Fundi wa kwanza alitaka kunikunjia za nondo. Nondo ni ya kujengea nyumba. Ikikatika, ekseli inahama chini ya gari. Nilizunguka Ngamiani kwenye barabara za namba mpaka nikampata mzee anayetengeneza springi za malori. Yeye bila kuulizwa alichukua chuma cha yubolti, akapima bomba kwa kalipa, akazikunja na kuzikata nyuzi mbele yangu.

Pili, propela. Pua ya Salisbury imechomoza mbele zaidi, kwa hiyo propela ya zamani ni ndefu mno, na ya lile gari la shambani ilishachukuliwa kitambo. Tukaipeleka kwa mkerezaji. Anakata bomba, anapunguza, anachomelea upya huku ipo kwenye mashine inazunguka, ili isije ikawa na tumbo. La kumkumbusha ni moja tu: uma wa mbele na uma wa nyuma vikae kwenye mstari mmoja. Vikipishana, gari linatetemeka na msalaba unaounganisha uma hautamaliza mwaka. Alinitazama kama nimemtukana. Basi, nimesikia, fundi.

Breki nimefanya zote upya: silinda, viatu, springi za kurudisha. Paipu za kwenye ekseli zilikuwa zimeoza, nimeweka za kopa. Beringi za habu zilikuwa nzima, nimeziosha kwa mafuta ya taa na kuzipaka grisi, sili nimetupa nikaweka mpya. Kipumulio cha juu ya ekseli kilikuwa kimeziba kabisa kwa udongo. Ni kitu kidogo kama kifungo cha shati, watu hukipuuza, kisha wanalalamika sili zinavuja. Ekseli ikipata moto hewa ndani inatanuka, isipopata njia inasukuma oili kupitia sili mpaka kwenye viatu vya breki. Nimeking'oa, nimefunga bomba la mpira lililopanda mpaka juu ya chesisi. Hata nikivuka maji, haitanyonya.

Aprili, masika

Mvua haikati, kwa hiyo tumefungia chini ya banda la jirani. Kutoa ya zamani ilikuwa asubuhi moja ya kupiga nyundo na kukata yubolti kwa gesi. Kuingiza mpya ni uzito. Watu wanne, magogo, jeki mbili. Kila springi ina kichwa cha bolti ya katikati kinachotakiwa kuingia kwenye tundu la kikalio, na kichwa kikikaa pembeni kwa upana wa kidole tu, ekseli nzima inakaa upande. Upande wa kulia uliingia wenyewe. Wa kushoto spana boi alilala chini na mtaimbo, anasukuma unywele kwa unywele, sisi tunashusha jeki, mpaka tukasikia umekaa. Bolti za shakeli, vile vishikio vya mwisho wa springi, hatukuzikaza mpaka gari lilipokuwa chini kwa uzito wake, maana ukizikaza springi inaning'inia unazisokota bushi.

Oili ya difu ni EP90, lita mbili na nusu. Ya zamani ilikuwa inakula kama lita moja na robo tatu, usijaze kwa mazoea.

Jaribio la kwanza tulikwenda njia ya Pangani mpaka Tongoni na kurudi, taratibu. Niliposimama nikaweka kiganja kwenye difu na kwenye kila habu. Joto la kawaida, pande zote sawa. Kelele ya difu ipo kidogo ukiachia mafuta, ukikanyaga inatoweka. Nikazikaza yubolti tena, zilikuwa zimelegea kiasi, kama ilivyotarajiwa.

Mei

Tumepanda Amani na mzigo. Kwenye kona ileile nilisimama kwa makusudi, nikavuta hendibreki, nikatoa mguu kwenye breki. Gari likakaa. Mke wangu alikuwa ameshika jiwe dirishani, hakulitupa mpaka tulipofika juu.

Mambo yaliyobaki. Tumbo la Salisbury ni kubwa, limekaribia ardhi zaidi, kwa hiyo kwenye njia zenye tuta katikati napita na tairi moja juu ya tuta. Stadi za nyuma sasa ni za milimita 16, maana lile gari lilikuwa Series III ya mwisho mwisho, na za mbele bado ni zile za zamani za BSF, nyuzi za Kiingereza. Nati haziingiliani na spana ni mbili tofauti. Nimezipaka nati za nyuma rangi nyekundu ili fundi wa pancha asizilazimishe.

Kasha la ekseli ya zamani limekwenda kwa kilo kwenye chuma chakavu. Difu yake wamekuja kuiulizia, siiuzi. Kwenye IIA difu ya mbele na ya nyuma ni moja, kwa hiyo hii ya 4.7 inakaa stoo ndani ya gunia na oili yake, ikisubiri ile ya mbele ichoke.