Bakuli la Masi: Siku Moja Kati ya Mahekalu na Vyakula vya Kisutu

Bakuli lenyewe ni la stili, dogo, lenye kifuniko kinachobana, na lililetwa mlangoni kwetu jioni ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na jirani yetu wa ghorofa ya juu, mama mzee wa Kigujarati ambaye watoto wote wa jengo letu humwita Masi, yaani dada wa mama. Ndani yake mlikuwa na ladu tatu za unga wa dengu zilizonukia samli na iliki, na vipande viwili vya barfi ya lozi. Kila mwaka hulileta bakuli hilo, nasi kila mwaka hula na kushukuru. Safari hii, badala ya kurudi juu mara moja, alisimama akashika fremu ya mlango ili apumzishe magoti.

"Mwanangu," aliniambia, "unapita mbele ya hekalu letu asubuhi na jioni, na hujaingia hata siku moja. Kesho ni mwaka mpya wetu. Njoo uone chakula kilivyopangwa."

"Nitakuja, Masi. Ila sijui taratibu zenu."

"Taratibu ni kuvua viatu. Mengine utawafuata wenzako."

Alisema kweli kwamba sijawahi kuingia, ingawa nimezaliwa hapahapa Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, katika moja ya zile nyumba ambazo wazee wetu waliziita nyumba za Msajili. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, na kwa kuwa majengo mengi ya katikati ya jiji yalikuwa mali ya Waasia, mitaa hii ilibadilisha wenyewe na wapangaji katika muda mfupi sana. Baba yangu, aliyekuwa mtumishi wa serikali, alipata vyumba viwili na veranda. Juu ya lango letu bado kuna maandishi ya Kigujarati yaliyochongwa kwenye plasta, ambayo nilikua nikiyaona kama mapambo tu. Masi aliwahi kunisimulia kwamba nyumba aliyozaliwa, mitaa miwili kutoka hapa, ilikuwa ya babu yake na ilikwenda na sheria hiyo. Alinisimulia huku akinimiminia chai, kwa sauti ileile anayoulizia bei ya nyanya, nami sikujua niseme nini. Sijui hata leo.

Utotoni tuliyaita mahekalu hayo misikiti ya Kibaniani, na shuleni tuliandika katika insha zetu methali ya "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" bila kufikiri hata kidogo kwamba Baniani tunayemtaja ndiye aliyetuletea ladu jana yake. Methali hiyo siitumii tena.

Basi siku ya pili niliamua kufanya safari ya mguu ambayo kwa umbali haizidi kilomita nne, lakini ambayo sikuwahi kuifanya kwa miaka yote niliyoishi hapa: kuyatembelea mahekalu yaliyo karibu na nyumbani, na kula palipo chakula kati ya hekalu moja na jingine.

Nilianza saa moja asubuhi kwa mama lishe anayetandika benchi zake karibu na soko la Kisutu. Siku nyingine ningeagiza supu ya mbuzi, lakini niliona si adabu kuingia hekaluni na harufu ya nyama mdomoni, kwa hiyo nikachukua chai ya tangawizi na vitumbua vinne vilivyotoka jikoni wakati huohuo, kingo zake zikiwa kahawia na katikati bado laini. Maduka mengi ya mtaa yalikuwa yamefungwa. Usiku wa Diwali wafanyabiashara wa Kihindu hubariki madaftari mapya ya hesabu, na asubuhi yake huvaa vizuri, wakaenda kusalimu wazee. Wazee wawili waliovaa kanzu fupi nyeupe walipita karibu na benchi letu, mmoja akamwambia mwenzake, "Sal Mubarak." Mama lishe alinigeukia akauliza kama leo ni Idi ya Wahindi. Swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani, maana neno la mubaraka tunalopeana wakati wa Idi ndilo hilohilo Wagujarati wanalotumia kutakiana mwaka wenye baraka.

Kutoka hapo nilivuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed na kuingia Upanga, kwenye kivuli cha miarobaini, hadi kwenye hekalu la Kibudha. Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajui kwamba lipo, ingawa lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliokuja kufanya kazi hapa kutoka Ceylon, nchi ambayo sasa tunaiita Sri Lanka. Uani kuna mti wa bodhi, wa aina ileile ya mti ambao Wabudha wanaamini kwamba Budha alikaa chini yake akapata mwangaza. Niliokota jani lake moja lililoanguka. Lina umbo la moyo, na ncha yake imerefuka kama mkia mwembamba, karibu nusu ya urefu wa kidole changu. Na kwa kuwa kikonyo chake ni kirefu na chepesi, majani ya mti huo hucheza hata pale ambapo huhisi upepo wowote usoni. Nilikaa chini yake kwa muda mrefu nikisikiliza mchakacho ule mdogo juu ya kichwa changu, wakati nje ya ukuta bodaboda zilipita kwa kelele zake za kawaida.

Familia moja ilifika ikiwa na sufuria mbili zilizofungwa kwa vitambaa na hotipoti ya wali. Niliwasalimu, na mama wa familia akanieleza kwa Kiswahili safi kwamba watawa wa madhehebu yao hawali chakula kigumu baada ya saa sita mchana, na kwamba hula kile ambacho waumini wamewapelekea, kwa hiyo familia hupangiana zamu. Niliuliza kama watawa huchagua chakula wanachotaka. "Hapana, kaka," alinijibu. "Wao hupokea. Kazi ya kuchagua ni yetu, na ndiyo maana tunapika vizuri." Sikuwahi kusikia upishi ukielezwa kwa heshima kubwa namna hiyo.

Niliporudi Kisutu ilikuwa saa nne na nusu, na njaa imeanza. Mgahawa mmoja mdogo wa vyakula visivyo na nyama ulikuwa wazi, umejaa watu wenye nguo mpya. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimekuwa nikila chakula cha majirani zangu maisha yangu yote huku nikikiita cha kwetu, tena kwa haki. Kachori tunayoijua Dar es Salaam ni kiazi kilichopondwa kikaungwa kwa ndimu, pilipili na giligilani, kikaviringwa, kikachovywa kwenye rojo ya unga wa dengu na kukaangwa. Mgujarati atakwambia hiyo ni batata vada. Kwake kachori ni kibumba cha unga wa ngano kilichojazwa choroko au njegere. Neno lilivuka bahari, likabadilishana nyumba na chakula kingine, na hakuna aliyelidai. Bajia, chapati, achari na kachumbari vimefika kwa njia hiyohiyo, pamoja na maneno ya dukani kama bepari na laki, ambayo mtoto wa Kiswahili huyatamka bila kuhisi ugeni wowote.

Niliagiza sinia la vibakuli: dengu nyembamba kama mchuzi, bilinganya, mtindi, wali kidogo na chapati nyembamba zilizopakwa samli. Mhudumu aliniuliza kama nataka dengu ya kawaida au ya hekalu. Ya hekalu, alinifafanulia, haina kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu wafuasi wa Swaminarayan, mwalimu wa dini ya Kihindu, hawavili, kama wasivyovila Wajaini, watu wa dini nyingine ya India. Nilishangaa dengu isiyo na kitunguu inawezaje kuwa na ladha, nikaichagua kwa sababu hiyo. Tonge la kwanza lilinirudisha mbali sana. Kulikuwa na harufu ninayoijua, kali na nzito, lakini si ya chakula. Ilikuwa harufu ya chumba cha bibi yangu, wakati wa uzazi wa mdogo wangu. Bibi alikuwa akifunga kipande cha mvuje kwenye kitambaa cheusi na kumvalisha mtoto mchanga mkononi ili kumkinga na kijicho. Mhudumu alicheka kwa furaha nilipomwambia. Mvuje huohuo, alisema, hutiwa punje kidogo kwenye samli ya moto, pamoja na binzari nyembamba, na joto huugeuza harufu yake ikakaribia ya kitunguu kilichokaangwa. Dawa ya bibi yangu ndiyo kiungo cha Masi. Nilimaliza bakuli, nikaomba jingine.

Hekalu la Swaminarayan liko kwenye mtaa ambao sasa unaitwa Pramukh Swami, kwa jina la kiongozi wa BAPS, mojawapo ya jumuiya za wafuasi wa Swaminarayan, aliyefariki mwaka 2016. Mtaa huo ni mfupi, na mahekalu ya jumuiya mbalimbali za Kihindu yamesogeleana hapo na katika mitaa ya jirani kiasi kwamba wakati wa ibada kengele za moja husikika ndani ya jingine. Niliwahi kujaribu kuingia katika mojawapo, miezi kadhaa iliyopita, saa saba mchana, nikakuta milango imefungwa. Mlinzi aliniambia, "Wamepumzika, mzee," nami nikadhani anawasema makuhani. Masi ndiye aliyenisahihisha baadaye: wanaopumzika ni miungu wenyewe, ambao hupewa chakula, hulazwa mchana na kuamshwa alasiri, kama mgeni mwenye heshima nyumbani.

Maneno hayo ndiyo yaliyonifungulia kile nilichokiona siku ile. Nilivua viatu, nikapanda ngazi, nikakaa upande wa wanaume. Wanawake walikuwa na upande wao, na Masi aliponiona alinipungia mkono mara moja tu. Mbele yetu, kuanzia miguuni pa sanamu hadi karibu na tulipokaa, kulikuwa na ngazi zilizofunikwa kwa vitambaa vyekundu, na juu ya kila ngazi vyakula vimepangwa kwa mistari: ladu zilizojengwa kama mnara, jalebi za rangi ya chungwa, barfi, chevda, mboga, wali wa rangi mbalimbali, matunda, sharubati. Siku hiyo huitwa Annakut, maana yake mlima wa chakula. Swaminarayan, ambaye sanamu yake iko hapo, alizaliwa mwaka 1781 kaskazini mwa India na kufundisha Gujarat hadi alipofariki mwaka 1830, na waumini wake humwandalia chakula hicho kabla wao wenyewe hawajaonja chochote cha mwaka mpya. Waliimba nyimbo za kumkaribisha ale, zenye kutaja chakula kimoja baada ya kingine, kama mama anavyombembeleza mtoto aonje hiki na kile.

Macho yangu yalikuwa yakipanda ngazi hizo polepole, na kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, kati ya sahani ya bajia na bakuli la mtindi, niliona muhogo. Ulikuwa umekatwa vipande virefu, umepikwa kwa tui zito, umepambwa kwa giligilani. Nilimwinamia kijana aliyekaa karibu nami nikamuuliza kile ni nini, ili nipate hakika. "Mogo," alijibu. "Bila mogo Annakut ya hapa haijakamilika, mjomba." Ni neno letu, muhogo, lililopunguzwa kidogo mdomoni, na Wahindi wa Afrika Mashariki wamelibeba hadi London na Leicester, pamoja na sufuria, fagio na jugu. Nilikuwa nimetumia asubuhi nzima kuhesabu tulivyopokea, na sasa niliona kile tulichotoa kimewekwa mbele ya Mungu wa watu wengine, kwenye sahani nzuri kuliko zote ambazo muhogo umewahi kuwekewa nyumbani kwetu.

Ibada ilipofika kilele, taa yenye tambi zilizolowa samli ilizungushwa mbele ya sanamu, kisha ikapitishwa kwa watu. Kila mmoja alipitisha viganja juu ya mwali na kuvigusisha usoni. Ilipofika kwangu nilisita, kwa kuwa dini yangu si hiyo, nami sikutaka kuigiza imani ya wengine. Kijana yule aliyeishika hakuniharakisha wala hakunisukuma. Aliinama kidogo kwa heshima, akapita. Mlangoni nilipokea sadaka ya chakula kwa mkono wa kulia, chembe za sukari gando na kipande cha nazi, nacho nilikila bila kusita.

Jioni nilizunguka kidogo kabla ya kupanda nyumbani. Kwenye kona ya Morogoro Road na Mtaa wa Libya moshi wa kuku wa kuchoma wa mgahawa wa Mamboz ulikuwa umeshaanza kutanda, na kwa mara ya kwanza niliupita bila kusimama. Nilisimama kwa muuza tambuu badala yake, nikamtazama akipaka chokaa na katu kwenye jani kwa kidole kimoja, akinyunyiza popoo, akilikunja pembetatu na kulibana kwa karafuu, yote hayo bila kuangalia mikono yake.

Bakuli la Masi lilikuwa bado mezani, limeoshwa. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, na miaka yote tumekirudisha na sukari au machungwa, kwa kuwa hatukujua Masi anaweza kula nini kutoka jikoni kwetu. Mke wangu aliuliza tutie nini. Nilimwomba amenye muhogo, nami nikakuna nazi. Sufuria tuliisugua upya kwa majivu, kitunguu tukakiacha kapuni, na kwenye samli nikatia punje moja ya mvuje.