Nilivyoitaja hukumu yangu ya ulevi barabarani nilipoomba kazi ya urubani

Kwenye fomu za mashirika ya ndege kuna swali ambalo wenzangu wengi hulijaza bila hata kulisoma: je, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa la jinai? Mimi ndilo nililokuwa nalitafuta kwanza kila nikifungua fomu mpya, kabla ya saa za kuruka, kabla ya aina za ndege, kabla hata ya kujua wanalipa kiasi gani.

Habari yenyewe ni fupi. Nilikamatwa England nikiendesha gari, asubuhi, baada ya sherehe ya usiku uliotangulia. Kipimo cha pumzi kilisoma mikrogramu 48 kwa mililita 100, na kikomo cha pale ni 35. Mahakama ikanitoza faini na kunifungia leseni miezi 12, ikaniruhusu kuhudhuria kozi ambayo ukiimaliza adhabu inapungua kwa robo. Wakati huo sikuwa nimeanza mafunzo ya urubani. Nilipoyamaliza na kuanza kutafuta kazi, hukumu ilikuwa bado inahesabika kisheria.

Hapo kwenye kuhesabika ndipo watu wengi wanapojikwaa. England na Wales zina sheria ya mwaka 1974 inayomruhusu mtu, muda fulani ukishapita, asiitaje hukumu yake anapoomba kazi ya kawaida. Kwa faini peke yake muda huo ni mwaka 1. Lakini kosa la ulevi barabarani linaandikwa pia kwenye rekodi ya leseni, kwa msimbo DR10, na maandishi hayo yanausogeza muda hadi miaka 5 tangu siku ya hukumu. Mtu anasoma habari ya mwaka 1, anafurahi, anajaza "Hapana", kisha cheti cha rekodi ya jinai kinatoka na hukumu iko juu yake. Na DR10 yenyewe haiondoki kwenye rekodi ya leseni hadi ipite miaka 11.

Nilianza na karatasi. Polisi wa Uingereza wana ofisi iitwayo ACRO ambako mtu anaomba nakala ya kila kilichoandikwa juu yake. Nikaomba. Mahakamani nikaomba kumbukumbu ya hukumu, nikachapisha rekodi ya leseni kutoka tovuti ya DVLA, mamlaka ya leseni za udereva, nikatafuta cheti cha ile kozi kilichokuwa kimejificha kwenye bahasha ya mambo ya bima. Kazi ya kuchosha, lakini ilinisaidia palepale: tarehe niliyokuwa naibeba kichwani ilikuwa ya kukamatwa, si ya hukumu, na kati ya hizo mbili kulikuwa na wiki kadhaa. Ningeiandika ile ya kichwani, mtu wa ajira angeona tarehe mbili tofauti na kuanza kujiuliza kama makosa ni mawili.

Rafiki yangu tuliyesoma naye urubani alinionea huruma. "Kaka, usijichongee," akaniambia. "Maelfu ya watu wanaomba. Wewe jaza Hapana, likija kugundulika sema ulisahau." Nilimwelewa, maana alikuwa ameona wenzetu wazuri wakikosa kazi kwa mambo madogo kuliko hilo. Ila ushauri wake haukuwa na hesabu. Ili uingie eneo la ndege uwanjani unahitaji kitambulisho, na hicho hakitoki bila cheti cha rekodi ya jinai na uhakiki wa miaka 5 ya kazi na masomo yako. Shirika lingejua tu, na lingejua wakati nimeshaacha kazi nyingine na kusaini mkataba. Kuhusu kusahau: nani anasahau kufungiwa leseni?

Kitu nilichokuja kukithamini kuliko vyote ni kusoma swali neno kwa neno, kwa sababu mashirika hayaulizi jambo moja. Moja liliuliza hukumu ambazo muda wake haujaisha. Jingine liliuliza kama niliwahi kufungiwa leseni ya udereva ndani ya miaka 5, bila kugusa jinai kabisa. La tatu halikuuliza chochote kuhusu mahakama, bali liliuliza kama kuna jambo lolote litakalonizuia kupata kitambulisho cha uwanja au viza. Majibu yangu hayakufanana na yote yalikuwa ya kweli. Panapoulizwa ndani ya miaka 5, hakuna haja ya kumsimulia mtu ya miaka 15. Panapoulizwa "umewahi", hakuna kujificha nyuma ya sheria ya 1974 mpaka uhakikishe inakuruhusu.

Palipokuwa na nafasi ya maelezo niliweka aya moja, ileile kila mahali. Kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Mahakama ilinitia hatiani tarehe hii kwa kuendesha gari nikiwa na pombe ya mikrogramu 48 katika pumzi, kikomo kikiwa 35. Nilitozwa faini na kufungiwa leseni miezi 12, ikapungua hadi 9 baada ya kozi. Sina hukumu nyingine. Nakala za mahakama na za daktari wa anga zipo, nitazileta mkizihitaji." Basi. Rasimu ya kwanza ilikuwa ukurasa mzima: sherehe ilikuwa ya nani, nililala saa ngapi, nilivyojisikia. Dada yangu, ambaye kazi yake ni kuajiri watu ingawa si wa ndege, aliikata yote kwa kalamu nyekundu akabakiza tarehe na namba. Alisema anayesoma anataka kujua ukubwa wa jambo, na kila sentensi ya kujitetea inalikuza.

Daktari wa anga nilimwambia mapema, kabla ya shirika lolote. Uchunguzi wa kwanza wa cheti cha afya cha daraja la kwanza una kipimo cha dawa za kulevya na pombe kwa kila mtu, kwa hiyo mada ilikuwa mezani tayari. Aliuliza nakunywa nini, mara ngapi, na nani, na kama kuna mtu katika ukoo mwenye shida ya ulevi. Akaagiza damu ipimwe pia CDT, protini inayopanda kwa mtu anayekunywa sana kwa wiki mfululizo na kushuka akiacha. Majibu yalitoka safi, akaniandikia barua. Barua ile ilinifaa kuliko cheti cha kozi, kwa sababu shirika la ndege halina wasiwasi na faini yako. Linaogopa kuajiri mlevi.

Waliokaa kimya walikuwa wengi. Kama ni kwa sababu ya hukumu au kwa sababu ya saa zangu chache za kuruka, sikuambiwa. Shirika lililoniita kwenye usaili liliniweka mbele ya mtu wa ajira na kapteni, mwanamama wa makamo. Yule wa ajira alipita juu ya ile aya kwa adabu. Kapteni akairudisha.

"Ulilala saa ngapi?"

"Saa nane usiku, Kapteni."

"Ukashika usukani?"

"Saa mbili kasoro asubuhi."

"Kikomo cha rubani kwenye pumzi ni ngapi?"

"Tisa."

"Arobaini na nane ni mara ngapi ya tisa?"

"Zaidi ya mara tano."

Aliandika kitu. Nilijua anakoelekea, kwa hiyo nikaendelea mwenyewe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 inampa rubani kikomo cha miligramu 20 kwa mililita 100 za damu, wakati dereva wa England anaruhusiwa 80. Kanuni ya saa nane kati ya glasi ya mwisho na safari, ambayo wengi wetu tunaikariri, isingeniokoa asubuhi ile, kwa sababu ini linakwenda kwa mwendo wake na halijui ratiba. Nikamwambia utaratibu wangu: nikiwa na safari kesho, leo sinywi kabisa. Akaniuliza ningefanya nini nikimsikia rubani mwenzangu ananuka pombe chumba cha maandalizi. Nikasema ndege haiondoki, na namwita msimamizi wa zamu kabla hatujaifikia. Hilo la mwisho nadhani ndilo alilolitaka tangu mwanzo. Kazi nikapata, ya safari fupi.

Wenye leseni ya urubani ya Marekani wasiuige utaratibu wangu. Kule kanuni ya 61.15 inakutaka uiarifu FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa maandishi ndani ya siku 60, hata kama leseni ya gari imesimamishwa kiutawala tu bila mahakama kukutia hatiani, na fomu ya afya inauliza hata kukamatwa. Hizo ni taarifa mbili, zinakwenda ofisi mbili. Kutoa moja hakufuti nyingine.

Miaka 5 ilipotimia, mashirika yanayouliza hukumu ambazo muda haujaisha nikaanza kuyajibu "Hapana" bila kusita. Nilidhani mambo yamekwisha. Viza ya wahudumu na marubani ya Marekani ikanikumbusha: fomu yake inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama ulisamehewa, na sheria ya Uingereza haina nguvu mbele ya swali hilo. Nikajaza "Ndiyo" na kuambatisha mafaili yaleyale. Kukamatwa kwa ulevi ndani ya miaka 5 kungenipeleka kwanza kwa daktari wa ubalozi. Kwangu muda ulikuwa umepita.

Kanada ni ngumu zaidi. Tangu Desemba 2018 adhabu ya juu kabisa ya kosa hili kule ni miaka 10, na kwa hiyo mgeni mwenye hukumu kama yangu anahesabiwa kuwa na kosa kubwa la jinai na anaweza kuzuiwa mpakani, awe abiria au rubani. Njia ya kudumu ni kuomba utambuliwe kuwa umejirekebisha, na maombi hayo yanapokelewa miaka 5 baada ya adhabu yote kumalizika, siku za kufungiwa leseni zikiwamo. Kwa hiyo nilipoomba kuhamia safari ndefu, nilimwandikia mkuu wa marubani kabla hajaniuliza kwamba kwa sasa nisipangiwe Toronto wala Vancouver, nikamtajia tarehe ambayo nitaruhusiwa kuomba. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba watu wa ratiba wameshaarifiwa, na kwamba nimtumie nakala ya maombi nitakapoyapeleka.