Usiku Ami alipotusomea mkataba

Utalii wa Pwani ulikuwa umelala. Baada ya fujo za Likoni za Agosti 1997, hoteli za Bamburi na Nyali zilikosa wageni, na bendi zilizozoea kupiga kila usiku zikabakishiwa Jumamosi peke yake. Sisi tulikuwa wanne: dada yetu mwimbaji, mpiga kinanda, mpiga ngoma, na mimi wa gita la solo. Besi ilitoka kwenye mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, kwa sababu mtu wa tano hatukuwa na cha kumlipa.

Kila bendi ya hoteli Mombasa siku hizo iliota ndoto moja, nayo ilikuwa Them Mushrooms. Wale walikuwa wa kwetu. Walianza 1969 papa hapa Mombasa, ndugu wa familia ya Harrison, wakatumbuiza watalii kwenye hoteli za ufuoni mpaka mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison kutokana na Kiswahili kidogo ambacho wageni hupenda kujifunza wakiwa likizoni. Mwaka uliofuata Boney M wakauimba upya huko Ulaya. Hadithi hiyo tulikuwa nayo kwa ghibu. Tuliamini kwamba siku moja mtu atakaa kwenye meza ya nyuma, atasikiliza, na atakuja jukwaani na karatasi.

Na kweli alikuja. Prodyuza kutoka Nairobi, mtu mpole, suti nyepesi. Alitusikia Jumamosi tukipiga wimbo wetu wa bibi harusi anayevuka feri ya Likoni, akatuomba tuurudie, kisha akatuachia mkataba wa kurasa sita, wote Kiingereza. Angerudi Jumatatu asubuhi tutie sahihi, na siku hiyohiyo atupe adivansi, yaani malipo ya awali, ya shilingi 20,000. Mpiga ngoma alikuwa amekwisha kuzigawanya pesa zile kabla hatujafika stendi ya matatu.

Mimi ndiye niliyesema twende kwanza kwa Ami.

Ami ni mdogo wake baba, na wakati huo alikuwa akikaa Kibokoni, Mji wa Kale. Ujanani alipiga besi mahotelini, kisha akafanya kazi miaka mingi kwenye duka la santuri la Kilindini Road, barabara ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Kule aliujua muziki kwa upande ambao sisi hatukuwahi kuuona: ankara, oda, barua za makampuni, madeni. Alijuana pia na mabaharia waliokuwa wakishuka Kilindini na santuri ndani ya mabegi. Nyingine zilikuwa hazijafika duka lolote Kenya, naye akizisikiliza usiku kucha na kunakili magita.

Tulimkuta barazani Jumapili baada ya Isha.

"Salaam aleikum, Ami."

"Waaleikum salaam. Mumekula?"

Tulikuwa tumekula, lakini mahamri yaliletwa na kahawa pia. Nilimpa ile karatasi. Aliipima kwa mkono, akaiweka chini ya kikombe, akaingia ndani, na aliporudi alikuwa na santuri moja ndogo, ile ya mizunguko 45 kwa dakika. Akampa mwimbaji wetu.

"Soma, mwanangu."

Akasoma jina la wimbo.

"Na chini yake?"

Chini yake palikuwa na jina la mtu kwa herufi ndogo sana, ndani ya mabano. Akalisoma kwa shida, taa ya barazani haikuwa kali.

"Huyo ndiye mwenye wimbo," Ami akasema. "Haya, aliyeimba ni nani?" Jina la bendi lilikuwa chini kabisa, kwa herufi nene. "Na hii nembo juu ni ya nani?" Ya kampuni. "Basi mwaona santuri moja, na wenyewe ni watatu."

Kisha akaipindua kwenye mwanga na kutuonyesha ule utepe laini baina ya mifereji na karatasi ya katikati. Palikuwa na nambari iliyochorwa kwa kitu chenye ncha, mkono wa mtu kabisa. Nilikuwa nimeshika santuri maisha yangu yote na sikuwahi kuiona. Ami akasema nambari ile ndiyo inayoirudisha santuri kwa mama yake, yaani masta, rekodi ya kwanza ambayo nakala zote hutolewa kwake. Mwenye masta ndiye mwenye rekodi. Lakini wimbo wenyewe, maneno na lahani, ni mali nyingine, hata kama hakuna aliyeurekodi.

"Boney M walipouimba 'Jambo Bwana' walitumia masta ya Mushrooms?" akauliza.

"La, waliuimba upya kwa sauti zao."

"Basi mwenye masta ya Mombasa hana anachodai hapo. Anayedai ni mtunzi. Mwimbieni mtu wimbo huu wenu Japani miaka thelathini ijayo, awe hajapata kusikia sauti zenu, mtunzi bado ana haki yake. Sasa tuone huyu bwana ataka nini."

Ndipo akaufungua mkataba. Aliusoma polepole, sentensi ya Kiingereza, kisha ya Kiswahili, na kidole chake hakikuondoka kwenye mstari. Kifungu cha adivansi kilimkalisha mpiga ngoma wima. Zile shilingi 20,000 zilikuwa mkopo juu ya mauzo yetu. Na gharama ya studio, ambayo mkataba uliiweka shilingi 80,000, nayo ilikuwa juu yetu. Mrabaha wetu, yaani fungu letu katika kila kaseti itakayouzwa, ulikuwa asilimia nane ya bei ya jumla, na kaseti kwa bei ya jumla ilikuwa shilingi 60. Ami akaomba kalamu, akaandika nyuma ya bahasha: shilingi nne na senti themanini kwa kila kaseti, sisi sote wanne. Akagawanya laki moja kwa hiyo nne na themanini.

"Kaseti elfu ishirini na mia nane hivi," akasema, "kabla hamujaona hata senti ya mrabaha. Na hapo sijatia hesabu ya wale wanaonakili kaseti kule Mwembe Tayari, ambao hawalipi mtu."

Hata hivyo hakukasirika. Alisema mtu akitoa pesa zake azirudishe, hiyo ni biashara, na masta akiitaka mwenye kuilipia ni haki yake kuiomba. Kilichombadilisha uso kilikuwa kifungu cha kumi na moja. Alikisoma mara mbili kwa Kiingereza kabla hajakitafsiri. Watunzi wanamkabidhi prodyuza haki zote za utunzi, za nyimbo zilizopo na zitakazotungwa ndani ya muda wa mkataba, dunia nzima, kwa muda wote wa hakimiliki. Leo, kwa sheria ya Kenya, muda huo ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wimbo wa bibi harusi wa Likoni ungekuwa wa mtu mwingine mpaka sisi tuwe makaburini na wajukuu zetu wawe wazee.

Mpiga kinanda akasema hivyo ndivyo wote wanavyoanza, hata Beatles walitia sahihi na wakatajirika. Nilifikiri Ami atamkemea. Badala yake alifurahi, kwa sababu mambo ya Liverpool, mji wa Uingereza walikotoka Beatles, aliyapenda sana. Alikuwa akisema ni mji wa bandari kama wetu, na vijana wake walipata santuri za Marekani mikononi mwa mabaharia kama alivyozipata yeye.

"Wale vijana wanne," akasema, "mkataba wao wa kwanza na kampuni ya santuri ya EMI, mwaka 1962, ulikuwa peni moja kwa kila santuri. Peni moja, wagawane wanne, na meneja achukue fungu lake. Lakini hilo lilirekebishwa baadaye, maana mrabaha huongezwa mtu akiwa na jina. Lisilorekebishika ni hili la kumi na moja. Nyimbo za Lennon na McCartney ziliwekwa kwenye kampuni ya uchapishaji, Northern Songs, mwaka 1963, na wao hawakuwa na sauti kubwa humo. Mwaka 1969 ikauzwa kwa kampuni ya ATV. Mwaka 1985 Michael Jackson akainunua ATV Music, iliyozimiliki nyimbo hizo, kwa dola milioni 47 na nusu. Paul McCartney yuko hai, aimba, na nyimbo alizozitunga kijana zauzwa mbele yake."

Nilikuwa sijawahi kusikia neno uchapishaji likitumiwa kwa muziki. Nilidhani ni vitabu. Ami akaeleza kwamba mchapishaji wa nyimbo ndiye anayeusimamia utunzi: anatoa ruhusa ukitakiwa kwenye tangazo au filamu, anakusanya pesa, anakata fungu lake. Anaweza kuwa msaada mkubwa kwa mtunzi anayemjua. Tatizo la karatasi yetu ni kwamba ilimpa mtu mmoja masta, uchapishaji na umeneja, na haikusema atatufanyia nini.

Kisha akauliza swali ambalo mimi naona ndilo lililokuwa zito kuliko mkataba wote. "Wimbo huu ametunga nani?"

Tukanyamaza. Tulikuwa tukisema "wimbo wetu" tangu siku ya kwanza. Mwimbaji akasema maneno ni yake, na hilo halikubishwa. Kiitikio? Akainama, akasema lahani ya kiitikio aliisikia kwa bibi yake, ilikuwa ikiimbwa kwenye lelemama, ngoma ya wanawake. Ami akamwambia aiimbe kama alivyoiimba bibi. Akaiimba, na tulisikia wazi kwamba mstari wa kwanza ni wa bibi na mitatu inayofuata ni yake mwenyewe. "Wa bibi ni wa watu wote," Ami akasema, "usiuandike jina lako. Hiyo mitatu andika." Kibwagizo cha gita mwanzoni ni changu, na hucheza mpaka mwisho, kwa hiyo Ami alinihesabu. Mpiga kinanda alikuwa ametunga lahani ya ubeti. Mpiga ngoma akasema bila mdundo wake wa chakacha hakuna ambaye angeusikiliza wimbo ule. Alikuwa na haki kabisa kusema hivyo, mimi nilikuwepo. Ami akamjibu kwa upole kwamba mdundo wa chakacha umemkuta, hakuuzua, na kwamba fungu lake litatoka kwenye mrabaha wa rekodi kama mpigaji. Jibu lile halikumtosha. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa, na mwishowe majina matatu yakaandikwa nyuma ya ile bahasha, na mafungu yake.

Jumatatu Ami alivaa kanzu yake ya kutokea, akaja nasi hotelini. Hakusema mengi. Mwimbaji ndiye aliyezungumza: kifungu cha kumi na moja kitoke, na majina ya watunzi yaandikwe kwenye mkataba na kwenye kaseti. Prodyuza akamtazama Ami, kisha akamtazama tena mwimbaji, akauliza kama twajua kwamba bila uchapishaji yeye hatoi adivansi. Mwimbaji akasema twajua. Hatukuwa tumelikubaliana hilo, lakini hakuna aliyempinga. Yule bwana akakipiga kifungu mstari kwa kalamu, akatia herufi za jina lake pembeni, nasi tukatia zetu. Ami akadai nakala ibaki kwetu siku ileile, ikabidi karani wa hoteli atoe fotokopi.

Tulirekodi Nairobi nyimbo mbili, na kaseti haikufika popote karibu na elfu ishirini. Bendi ilivunjika kama bendi nyingi za hoteli. Lakini mwimbaji alijiunga na MCSK, chama cha hakimiliki za muziki cha Kenya, na kuuandikisha wimbo kwa majina yale matatu, na bendi moja changa ya Kilifi ilipotaka kuurekodi upya ilimtafuta yeye, akatia sahihi mwenyewe, akatugawia mimi na mpiga kinanda mafungu yetu. Mpiga ngoma alipopata habari alinipigia simu. Bado anashikilia kwamba majina yalistahili kuwa manne, na siku hizi, nikiusikiliza ule mdundo, naona hoja yake ina uzito kuliko nilivyoipa usiku ule.