Mhandisi wa visima na maneno yake magumu

Jioni namfundisha Kiingereza mhandisi mmoja Mchina, jirani yangu hapa Area C. Anashughulika na visima vya Makutupora, vinavyoinywesha Dodoma. "Mwalimu, maneno nayakariri, asubuhi yamekimbia," hulalamika. Daftari lake limejaa orodha ya A mpaka Z; orodha za hivyo mimi siziamini kabisa.

Tumehamia kwenye mizizi ya maneno, vipande vya Kigiriki na Kilatini vilivyomo ndani ya Kiingereza. Kichina nacho huunga vipande vyenye maana, kwa hiyo "hydro" ya Kigiriki naiandika ubavuni mwa alama yake ya "shui", maji. Hydrology, hydrant, dehydrate zikaingia kwa mkupuo. Kilatini bado kinamtesa, ingawa "aquifer", maji na kubeba, ameikubali upesi: kwao ni "hanshuiceng", tabaka lenye maji.

Juzi kamtupia fundi pampu neno "aquifer". Fundi akamjibu: "Bosi, maji yapo au hayapo?"