Alama moja tu!
Jana usiku hapa Tudor, stima imerudi, nafungua laptopu: majaribio 11 ya mfumo wa faili yamefeli. Nikajua diski imekwisha. Kumbe wapi! Nilikuwa nimeyahamisha kutoka seva kuukuu, ambako mkdir (amri ya kuunda folda) ya GNU, mradi wa programu huria, ikitoa ujumbe wa kosa ilikuwa ikifungua jina la faili kwa ` na kulifunga kwa '. Siku hizi, kwenye mpangilio wa lugha wa msingi uitwao C, ni ' pande zote mbili. Nami nalinganisha ujumbe mzima herufi kwa herufi, uvivu wangu huo.

Sasa naweka LC_ALL=C ili ujumbe wote utoke kwa mpangilio huo wa C, kisha sed (programu ya kuhariri maandishi) inafuta alama za nukuu kabla ya kulinganisha. Penye uzito naacha maneno kabisa: Python inaiuliza Linux namba ya kosa. 17, jina lipo tayari. 28, nafasi imejaa.

Mahamri yalipoa, nikayala hivyo hivyo.